Dubu wa Bluu wa Lindhold

Aarhus, 4 Machi 2019

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi imekataa kuondoka.

Nakuandikia kabla majirani hawajakufikishia habari. Jumamosi mimi na wenzangu, sote tuna usonji, tulisimama na mabango mbele ya duka la kiwanda cha Lindhold. Kila wakiuza yule dubu wao wa kitambaa cha bluu, fungu la bei linakwenda kwa shirika la hisani la Watoto Wazima. Ndio hao waliobandika vituoni picha ya kitanda kitupu na maneno: "Usonji umemwiba mtoto wetu." Wanatafuta njia ya watu kama mimi wasizaliwe tena. Tunataka Lindhold iachane nao.

Najua ulishona dubu kiwandani kwao tangu usichana wako hadi ulipostaafu. Usinikasirikie.

Mjukuu wako,
Signe

Randers, 11 Machi

Signe,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Umechelewa, Bodil wa jirani ameshaniletea gazeti. Kiwanda hicho kilimsomesha mama yako. Babu yako alipofariki walizima mashine, wakaja wote kumzika. Leo wanatoa sadaka, wewe unawazomea. Kweli fadhila za punda ni mateke.

Mwezi wa tano kiwanda kinatimiza miaka mia, na mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya wastaafu. Uso wangu niuweke wapi?

Bibi

Aarhus, 15 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Punda wako hajambo.

Wema wa kiwanda siukatai. Nauliza neno moja tu. Nilipokuwa mdogo na sisemi, mama akilia jikoni, wewe ulikuwa unaingia chini ya meza kukaa nami. Kule chini ulikuwa ukimwona nani?

Mjukuu wako

Aarhus, Jumapili ya Pasaka

Bibi,

Shikamoo, na Pasaka njema. Barua yako haijaja. Naomba iwe ni hasira, isiwe ugonjwa.

Signe wako

Randers, 26 Mei

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Ilikuwa hasira, na baada ya hasira, aibu.

Jana ndiyo ilikuwa sherehe. Wakubwa wa Watoto Wazima walikaa mbele kabisa, karibu na Troels, mkurugenzi. Nilikishukuru kiwanda kwa moyo wote, maana kinastahili. Kisha nikasema: "Mjukuu wangu ana usonji. Hakuibwa. Nilikaa naye chini ya meza, alikuwepo mzima mzima, ananipangia vifungo kwa rangi. Sikushona dubu ili watoto kama yeye wasizaliwe."

Bodil, naye mstaafu wa pale, akasimama, halafu wastaafu wenzangu mmoja mmoja, mpaka safu yetu nzima.

Wageni wale waliondoka kabla ya kahawa. Troels alikuja akaomba namba yako, anataka wewe na wenzako mkamweleze madai yenu. Nikamwambia simu huipendi, aandike.

Bibi yako

Aarhus, 9 Septemba

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini unakula vizuri.

Leo asubuhi Lindhold wametangaza kwamba mkataba na Watoto Wazima umevunjwa. Tulikwenda kwao mara tatu. Troels alibisha, akasikiliza, akabisha tena. Sasa fungu la dubu litakwenda kwenye kambi za kiangazi za watoto wenye usonji, zinazoendeshwa na sisi wenyewe.

Wenzangu wameitazama video ya hotuba yako iliyorekodiwa kwenye sherehe mpaka wameikariri. Kila mgeni kwenye kikundi huuliza yule bibi ni wa nani. Najibu mimi kabla mwingine hajafungua mdomo.

Mjukuu wako,
Signe