Baba, Mashine Yako Bado Iko Chumbani Kwangu

Mpendwa Baba,

Mashine yako bado iko hapa Guangzhou, pembeni ya kitanda changu, juu ya marobota ya vitenge yaliyokosa nafasi kwenye kontena. Ni ile meza ndogo ya ruta uliyoniagiza, ya kuchongea mbao, yenye kisu kinachozunguka kikiwa kimetokeza katikati. Niliinunua mwanzoni mwa Ramadhani. Kabla haijapata safari, mdogo wangu Bakari akapiga simu kwenye duka la yule Mzanzibari wa Zhanqian Road anayetupokelea simu zetu, akasema umefariki alfajiri na utazikwa baada ya adhuhuri. Nilipiga hesabu ya tofauti ya saa. Wakati wananikalisha kwenye kiti na kunipa maji, wewe ulikuwa unaoshwa. Hata ningekuwa na tiketi mkononi, nisingewahi.

Sasa ni Idi, na mwaka mpya wa Wachina nao umeangukia wiki hii hii. Soko la nguo la Shisanhang limefungwa, la vitambaa la Zhongda limefungwa, hata wale wauza soksi wa njiani wamekwenda kwao. Wenzangu waliruka mapema. Tiketi yangu mimi ni ya baada ya sikukuu. Jengo zima tumebaki mimi na bibi mwenye nyumba. Niliswali Idi msikitini, nikapeana mikono na watu ambao sijui hata salamu yao ya pili, nikarudi kunywa chai peke yangu. Ningekuwa Tanga ningekaa kwenye jamvi na mama na shangazi, kila anayeingia angelia nami kidogo, kisha tungeanza kukusema na kucheka. Msiba wa peke yako ni kitu kibaya, Baba. Hauna hata wa kukuambia unywe uji.

Bakari hakungoja matanga yaishe. "Dada, karakana tuipangishe," aliniambia. "Mwenye saluni anaitaka. Na hiyo mashine irudishe ulikoitoa. Huku nani ataitumia?" Nikamwendea mwenye duka la mashine, ambaye huku sote tunamwita laoban, yaani bosi, naye akakubali kuipokea atakapofungua baada ya sikukuu. Siku hizi zote za milango iliyofungwa nimekuwa nikiitazama tu, na yenyewe kama inanitazama.

Nakumbuka siku uliyoniomba. Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko, nimekukuta unachonga meno ya kisanduku kwa patasi, na patasi inatetemeka. Ulijua kwamba nimeona. Ukaiweka chini polepole, ukanionyesha picha kwenye kitabu cha matangazo. "Hii ishike yenyewe," ukasema, "mimi nisukume tu." Ukacheka, nami nikacheka ili usiwe peke yako. Mikono ile ndiyo iliyonifundisha kushika msumeno nikiwa bado na juzuu kwapani, nimetoka chuoni, mama akipiga kelele kwamba nguo za dini zimejaa vumbi la mbao. Ulikuwa ukimjibu, "Mwache, vumbi la mvule halinajisi." Sijui fatuwa hiyo uliipata kwa shehe gani.

Jana nikaona, kabla sijairudisha, nitengeneze nayo pembe moja tu. Pembe moja ya sanduku, kwa yale meno yako, ubao huu ukiingia kwenye mapengo ya ule kama mtu aliyepishanisha vidole vya mikono yake. Mbao nilizipata kwenye makreti yaliyotupwa nyuma ya jengo. Lakini ruta haichongi meno yanayolingana bila kigezo. Kigezo chenyewe ni ubao uliosimama, unaoteleza juu ya meza kukipita kisu, na pembeni ya njia ya kisu kinapachikwa kijiti kilichotokeza. Ukishakata pengo la kwanza kwenye ubao wa sanduku, unalivisha kwenye kile kijiti, unasukuma, unapata la pili. Unaendelea hivyo hivyo hadi ubao uishe. Kazi yote iko kwenye kukiweka kijiti mahali pake.

Nami nikakiweka kwa futi ya kitambaa! Ile futi laini ya kushona ninayotembea nayo Zhongda, iliyovutwa na kila muuza vitambaa mpaka imekuwa ndefu kuliko ilivyozaliwa. Meno yakatoka manene kuliko mapengo. Nikalazimisha, ubao ukapasuka. Nilikusikia waziwazi, kwa sauti ile ya kunichokoza: "Mama wa vitenge, hapa hatuuzi doti." Nikaketi sakafuni, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, Baba, kwa kufa bila kuniambia jinsi ya kutega kile kijiti.

Halafu nikakumbuka kwamba kwenye meza yako sijawahi kuona futi. Ulikuwa ukilaza mbao juu ya mbao na kuweka alama kwa ukucha. Ulitaka kipande kimoja kikipime kingine. Nikachonga kijiti kimoja kirefu kinachoingia kwenye pengo la kisu bila kucheza wala kubana, nikakikata katikati. Nusu moja nikaipachika iwe ndiyo kijiti cha kigezo. Nusu ya pili, mashine ikiwa imezimwa, nikaibana katikati ya kijiti na kisu ili ishike nafasi, nikakaza skrubu, nikaitoa. Nikakata ubao wa kwanza, kisha wa pili nikauanza ukiwa umesogea jino moja, ili pengo lake likutane na jino la mwenzake.

Nikaviweka vipande hivyo viwili pamoja, nikagonga kwa kiganja. Vikaingia. Nikaviinua juu kwa ubao mmoja tu, bila gundi, kama ulivyotaka siku zote, na pembe haikuachia.

"Baba, njoo uone!"

Niliita kwa sauti kubwa, kama nilivyokuwa nikiita kutoka uani. Sauti ikazunguka chumbani na kwenye ngazi za jengo tupu. Nilibaki nimeshika zile mbao, nimegeuzia uso mlangoni. Hapo ndipo nilipolia, Baba. Tangu siku ya simu nilikuwa sijalia hata tone.

Aliyekuja ni bibi mwenye nyumba. Alipanda akiwa tayari na ugomvi, "Tai chao! Tai chao!", yaani makelele yamezidi. Aliponiona na machozi akaingia ndani. Akatoa chungwa mfukoni mwa koti, akaliweka mapajani mwangu, akachukua ile pembe akaipindua huku na huku akijaribu kuiachanisha. Haikuachana. Kisha akaionyesha mashine kwa kidevu. Mji huu kila mtu ni mfanyabiashara, hata mbele ya machozi.

"Mai bu mai?" akauliza. Unauza, huuzi?

"Bu mai," nikasema. Siuzi. Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata.

Leo asubuhi nimempigia Bakari, nimemwambia asimpe mwenye saluni ufunguo.

"Sasa atafanya kazi humo nani, dada?"

"Mimi."

Akacheka. Aliposikia sicheki, akauliza kwa sauti ndogo, "Na biashara?" Nikamwambia vitenge vina watu wengi. Sijui kama nimefanya la akili, Baba. Najua kutengeneza pembe moja tu, na sanduku lina nne. Mama atasema nimechanganyikiwa kwa majonzi, na huenda ni kweli. Lakini nikifikiria vioo vya saluni vikitundikwa pale zilipokuwa patasi zako, naona heri nichanganyikiwe.

Kwa hiyo nakuja, na mashine inakuja. Lala salama, Baba yangu, Mungu akupe nafasi pana kuliko ile karakana. Kitu kimoja tu kinanitisha kuliko vyote. Nitafika asubuhi, nitasimama mbele ya ule mlango na ufunguo wako mkononi, na sitajua unazungushwa upande gani, kwa sababu maisha yangu yote nilikuta umeshafungua.

Ni mimi,
binti yako.