Matoka ya Mpaka na Watu wa Nukta

Baba Wangari,

Usidhani nakuandikia kukusalimia. Salamu zako ulipata siku tuliyokuzika, zikakutosha. Leo nina neno na wewe. Nimeliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo hapa nyumbani Wangari atasikia, na huyo binti yako bado anakulilia. Mimi nimeacha, wiki mbili sasa. Soma utaona kwa nini.

Jumamosi moja baada ya palizi ya pili nilikuwa napepeta maharagwe nikasikia mbwa anabweka kule chini, mpaka wetu na Mama Nekesa, karibu na mto. Nikaenda na panga. Nikakuta watu wawili ndani ya mahindi: msichana mwenye buti kubwa, na mwanaume wa makamo mwenye mkoba mgongoni, wote wameinamia simu. Wanapiga hatua moja mbele, wanaangalia simu, wanarudi nusu hatua. Halafu wakasimama. Msichana akainua mikono juu kama mtu aliyeokoka jana, mwenzake akampiga picha.

Si unajua nilifikiria nini. Mjane akiona watu wanazunguka shambani kwake na simu, anafikiria nini tena?

Nikawauliza wametumwa na nani. "Hatujatumwa, shosho," msichana akasema, kana kwamba mimi ni nyanya yake. Ati ni mchezo. Ati kila siku kompyuta inaokota nambari bila kuuliza mtu, nambari zinaangukia mahali popote, iwe mtoni, iwe choo cha watu, na wao wanaenda kusimama hapo hapo. Wakifika, wanaweka nukta kwa ramani. Wanataka Kitale yote na Bungoma yote ijae nukta. Akanionyesha: nukta Kipsongo, nukta Cheptais kule mlimani ambako walinyeshewa mpaka kwa soksi, nukta kwa uwanja wa shule huko Tongaren. Nikamuuliza, na mkishafika mnapata nini? "Tunakuwa tumefika, shosho."

Wanakuwa wamefika! Mtu mzima amekunywa chai, amevaa buti, ametoka Kitale mjini, aje asimame kwa mahindi yangu dakika tano, arudi. Wewe ungeamini? Niliwaambia hata mtoto wa nasari hadanganywi hivyo. Nikadai kitambulisho. Nikachungulia mkoba: chupa ya maji, ndizi mbili, mwavuli. Nikajisemea, wakora wa siku hizi nao wanabeba ndizi.

Basi nikaangalia hiyo simu mwenyewe. Picha imepigwa kutoka juu kabisa. Paa la jiko letu naliona, hata ile bati moja mpya. Msichana akapitisha kidole. Mipaka ya watu wote imenyooka kutoka barabarani hadi mtoni kama imekatwa na wembe. Wetu, ukikaribia mto, unapinda. Unaingia kwa Mama Nekesa kama kiwiko. "Hapa umepinda kidogo, shosho," akasema, bila ubaya. Na nukta yao ilikuwa ndani ya hicho kiwiko. Akauliza aandike wamesimama kwa shamba la nani, kwa sababu ati huwa wanaandika. Nikapaza sauti, Mama Nekesa asikie popote alipo: "Andika, shamba la Mama Wangari!"

Walipoondoka nikaona nimejua yote. Mama Nekesa ndiye amewaleta. Ameona mzee amekufa, sasa anataka kupimisha. Nikaenda kwake panga bado mkononi, nikamkuta anakama. Nikamwambia maneno. Nilimwambia alikuja kupika kwa matanga yako huku anahesabu hatua. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mwanamke aliyekuletea maziwa miezi yote uliyolala kitandani. Yeye hakuacha kukama. Alimaliza, akafunika ndoo, akasema, "Mama Wangari, enda uchimbe bikoni."

Nikaenda nikachimba. Nilichimba ili nimwaibishe. Wewe mwenyewe ndiye ulinionyesha, lile jiwe la mpaka la serikali haliko juu, limelala chini kwa udongo, na sisi watu wa kwetu tukapanda matoka, yale maua ya mpaka, juu yake ili yamkumbushe mtu lilipo. Na itoka la mpaka halihamishwi. Mama yangu alikuwa akilipalilia kwa vidole, jembe lisiliguse. Basi nikachimba chini ya matoka yetu mpaka nikazama magotini. Udongo mtupu. Nikarudi upande wetu hatua moja, nikachimba. Hatua mbili. Tatu. Nilijiambia serikali ilikosea. Hatua ya saba jembe likagonga simiti.

Saba, ndani ya mahindi yetu.

Nilikaa chini hapo hapo, Baba Wangari, nikakumbuka ile Jumapili uliyosema goti linakuuma, huendi kanisani. Mume wa Mama Nekesa alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, na watoto wake walikuwa wadogo, wa kubebwa. Niliporudi nikakukuta unanawa, udongo mpaka kwa viwiko. "Nimeyasafisha matoka yapate jua," ulisema. Nikakupakulia mukimo. Nikakuongeza.

Mimi! Mwanamke anayehesabu mayai kabla ya kwenda choo. Nimeshuku mchungaji, nimeshuku wakwe, nimeshuku hata daktari aliyekutibu. Wewe sikukushuku.

Na baada ya hapo ulikuwa unavaa koti lako la kijivu unaenda kuwaamulia watu mipaka! Wawili wakigombania fensi, "mwiteni Baba Wangari, huyo ni mtu wa haki." Nami nakupigia pasi hilo koti. Nilipomuuliza Mama Nekesa mbona alinyamaza miaka hiyo yote, alisema tu, "Ningeshtaki wapi? Mzee wa mipaka si alikuwa yeye?" Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Pale chini, kwa hizo hatua saba, ndipo sukuma wiki haikauki hata Januari. Sisi tumekula. Watoto wake walikuwa wanapita na mitungi, wanaangalia.

Kitu kingine. Wiki ile ya mwisho ulikuwa unaniuliza kila asubuhi, "Mvua imekuja?" Nilidhani unawaza mbegu. Sasa sijui. Matoka hayahamishwi kiangazi, yanakufa. Labda ulikuwa unangoja udongo ulainike uyarudishe. Labda ulikuwa unawaza mbegu. Hiyo toba sitakuhesabia bure, uliondoka bila kusema.

Mahindi ya hizo hatua saba atavuna yeye, nimeshamwambia. Alisema tugawane. Nikamwambia mimi siombi. Akacheka, akanipa maziwa, nikayachukua nikiwa nimenuna.

Juzi yule msichana wa buti akapita tena, ati nambari zimeangukia ng'ambo ya mto. Nikampa chai, macho yangu yakiwa kwa mkoba wake. Bado siuamini huo mchezo, nakwambia wazi. Lakini nilimwambia afungue ile ramani, atafute nukta yetu, afute yale maneno. Aandike: shamba la Mama Nekesa. Akaniuliza, "Shosho, una hakika?" Nikamwambia aandike, chai inapoa. Akaandika. Nikavaa miwani nikasoma herufi moja moja, nikahakikisha.

Sasa sikiliza. Mvua ikishika nitayahamisha matoka. Nitafanya Jumapili, watu wakitoka kanisani, kila mtu anione. Wangari atabeba karai, na hapo ndipo nitamwambia. Wakiniuliza nani aliyapanda vibaya, nitasema ni wewe. Nimekubebea mengi katika ndoa hii, Baba Wangari. Hili sibebi.

Lakini shina moja nitalibakisha. Nitalileta hapo kaburini nilipande ubavuni pako, na siku yangu ikifika wanilaze upande wa pili wake. Nitalipalilia kwa vidole, kama mama.

Na wewe usilisogeze.

Mama Wangari