Usiku wa Jumapili

Jumatatu, 1 Septemba 1947
Madaftari arubaini na mawili nimeyasahihisha. Chai imepoa. Fomu iko pale pale chini ya taa, ukurasa wa tatu, ulionishinda jana na juzi.

Wanauliza: kazi yako katika mchezo ni ipi? Mistari minne ya kujaza. Nimefuta mpaka karatasi imeota manyoya.

Mwalimu mmoja tu wa visiwa hivi, mwenye cheti chake, atapelekwa Uingereza mwaka mzima kusomea kuongoza michezo ya kuigiza. Mmoja. Naitaka nafasi hiyo mno. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani?

Alhamisi, 4 Septemba
Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, ameleta muhogo wa nazi. Akaiona fomu, akataka kujua. Nikamweleza. Akafikiri sana.

"Sasa weye huimbi, huchezi, ngoma hupigi. Mchezoni humo wafanya nini?"

Kwa Kiingereza neno lipo. Kwa Kiswahili ningesema msimamizi, lakini msimamizi hapa Pemba ni yule wa shamba la karafuu, mwenye bakora. Nikamwambia mimi ndiye ninayesema nani asimame wapi. Akacheka mpaka akashika mlango. Alipoondoka nililia kidogo. Upuuzi, lakini nililia.

Jumamosi, 6 Septemba
Fomu imeondoka. Mistari minne nimeijaza uongo wa heshima.

Sharti moja zaidi: mkaguzi wa elimu lazima auone mchezo wangu kwa macho yake. Yuko Wete mwezi huu, anakagua skuli. Nimemwandikia barua kwa Kiingereza safi kabisa, nimeisoma mara tano. Aje Chake Chake, uwanja wa skuli, mwisho wa wiki ya tatu ya mwezi, usiku wa Jumapili, baada ya isha. Karibu sana. Nimetia sahihi kwa kalamu mpya.

Jumatano, 10 Septemba
Mazoezi. Hamadi fundi cherehani atanitia wazimu.

Mchezo wenyewe mfupi. Watu wamekuja kuposa. Wajomba wanabishana, shangazi wanabishana, mshenga anasema maneno mengi matamu. Mama wa binti amesimama mlangoni muda wote, hasemi neno. Mwisho anafunga mlango. Basi.

Hamadi ndiye mama. Kila siku anaongeza maneno. Jana alimtukana mshenga, leo kapiga chafya makusudi. Watu wanacheka, naye anavimba kichwa. Nikamwambia akinyamaza watamtazama yeye tu. Akasema kunyamaza si mchezo, kunyamaza ni kunyamaza. Nikampandishia sauti mbele ya wenzake. Nimekosa. Nimerudi nyumbani peke yangu, hakuna aliyenisindikiza.

Jumatatu, 15 Septemba
Karafuu zimeiva. Mji mzima hausemi jingine. Wachezaji wangu wote wanaondoka asubuhi ya Jumapili kwenda mashamba kuchuma, hawarudi mpaka msimu uishe. Si kitu. Mchezo utakuwa umekwisha.

Hamadi amekuja dukani nilipokuwa nanunua mafuta ya taa. Kaomba radhi, nami nikaomba. Kisha kaniuliza nikenda Uingereza nitarudi lini. Nikasema mwaka mmoja. Akasema, haya. Haya tu. Miaka miwili niko hapa na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza nitarudi lini.

Jumapili, 21 Septemba, asubuhi
Hakuja.

Jana baada ya isha uwanja ulijaa. Taa mbili za karabai, mlango wa darasa ndio mlango wa mchezo, mikeka ya Bi Rukia, wanaume huku, wanawake nyuma ya kamba. Kiti cha mkaguzi mbele kabisa, kimetandikwa kitambaa. Nilichelewesha mpaka watu wakaanza kupiga miluzi. Nikaanza.

Hamadi alinyamaza. Wanasema kila neno wale wengine walilosema, watu walimtazama yeye. Alipofunga mlango hakuna aliyekohoa. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wametulia hivyo. Nami nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika kamba yake, sikuona uso wa mtu hata mmoja. Nilichokiona ni kile kiti.

Asubuhi hii wamekwenda karafuu, wote, na Hamadi. Nimeudhika na huyo Mzungu. Barua nzuri vile! Angalau angetuma mtu.

Jumatatu, 22 Septemba
Alikuja.

Jana alasiri, nimeketi barazani sina hamu na lolote, gari likasimama. Akashuka, kavaa vizuri, ana daftari. Kasema amewahi mapema ili auone uwanja kabla ya usiku. Usiku upi? Nikamtazama. Naye akatoa barua yangu mfukoni, akanionyesha.

Mjinga mimi. Mjinga mwenye cheti! Kwetu usiku unatangulia mchana wake. Jua la Jumamosi likizama, huo ni usiku wa Jumapili, mtoto anajua. Nikautia Kiingereza neno kwa neno. Kwao usiku wa Jumapili ni baada ya mchana wa Jumapili kwisha. Nawafundisha watoto Kiingereza kila siku, nawachapa wakikosea.

Kwa Kiswahili chake cha ofisini akaniuliza, "Wachezaji wako wapi?"

Nikamwambia, wamekwenda karafuu. Akafunga daftari. Nikaona Uingereza inaondoka mbele ya macho yangu, nikasema ngoja, Bwana, nitakuonyesha.

Uwanja mtupu. Bi Rukia tu, alikuja kukusanya mikeka yake. Nikawa mjomba, nikawa shangazi, nikawa mshenga, nakimbia huku na huku jasho linanitoka. Hapa alisimama huyu, kule alikaa yule. Lakini mlango ulikuwa mtupu, na bila ya mama hakuna mchezo. Nikamgeukia.

"Bi Rukia, tafadhali. Simama hapo mlangoni. Usiseme neno."

Nilidhani atanitukana. Akauweka mkeka chini, akavuta buibui, akasimama. Nikaendelea kubishana mwenyewe na mwenyewe. Kila nilipomtazama alikuwa ananitazama. Mwisho akafunga mlango, taratibu kuliko Hamadi, na hakuufunga wote. Aliacha upenyo. Sikumfundisha hilo. Bi Rukia aliozesha binti mmoja tu, akenda Tanga, na huko ndiko alikofia.

Mkaguzi aliandika sana. Akanipa mkono, akaondoka kabla ya magharibi. Bi Rukia alitangulia njia nzima. Nami nilibeba mikeka.

Jumatano, 1 Oktoba
Hakuna barua. Skuli imefungwa kwa msimu wa karafuu. Nazungumza na kuku.

Jumapili, 12 Oktoba
Hakuna. Nilitembea hadi Gombani na kurudi. Nimesalimiana na watu kumi, sikuzungumza na yeyote.

Ijumaa, 14 Novemba
Imekuja. Nimeisoma nimesimama posta.

Sikupata. Ripoti ya mkaguzi ni nzuri mno, wanasema, lakini wao wanapima mchezo na wachezaji wake, na wangu haukuonekana. Amepewa mwenzangu wa Unguja. Naruhusiwa kuomba tena.

Inauma. Sina haja ya kutafuta neno jingine. Nimeikunja barua, nimekwenda kusali Ijumaa, nimerudi, nimelala mpaka alasiri.

Jumanne, 18 Novemba
Hamadi karudi, vidole vyeusi, ananuka karafuu mpaka kwenye nywele. Nikampa habari. Alikaa na mimi barazani muda mrefu, hakutia neno hata moja. Amejifunza.

Baadaye Bi Rukia kaja na muhogo. Kasema wanawake wa nyuma ya kamba walilalamika, hawakuona vizuri, na wanataka mchezo urudiwe, safari hii wao wakae mbele. Tena huyo mama mlangoni asiufunge mlango wote, Hamadi aambiwe. Nikasema nitamwambia. Ndiyo kazi yangu.

Akauliza lini.

"Usiku wa Jumapili," nikasema.

Akaitikia, akachukua sahani yake ya juzi, akaenda zake. Hakuniuliza ni usiku upi.