Rupia Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, Jumamosi tarehe 19 Agosti 1972, saa 3.00 asubuhi.
Jina: Kuruthumu binti Nassibu. Umri: miaka 56. Kazi: mpika vitumbua, sokoni Kariakoo. Makazi: Gerezani, nyumba yangu mwenyewe.

Onesphory namfahamu. Ni mpangaji wangu mwaka wa sita sasa, mtu wa Masasi, kazi yake kuchimba vyoo. Ugomvi wangu naye ni mmoja tu, anakoroma.

Mnamo tarehe 10 Agosti 1972, Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuwa akichimba shimo jipya la choo uani kwangu. Yeye yuko chini, mimi navuta ndoo. Akaniita, "Mama Kuruthumu, hebu tazama humo." Ndani ya ndoo, juu ya udongo, palikuwa na rupia kongwe, nyeusi, imegandwa na tope. Herufi zake zilifanana na za msahafu, nami msahafu nimehitimu, lakini sikuweza kuzisoma.

Onesphory alisema, "Hii si yetu, tumpelekee mjumbe." Nikamwambia kitu kichafu hakipelekwi kwa mkubwa. Nikaisugua kwa ukwaju na majivu, kama tunavyosugua bangili za harusi, mpaka ikang'aa. Akacheka. "Mama, imependeza."

Saa nane mchana tulifika kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Ramadhan. Akatuelekeza kwa Bwana Jamnadas, muuza vitambaa wa Kariakoo anayekusanya sarafu za kale, atusomee. Bwana Jamnadas alipoishika alitokwa na machozi. Alisema ni sarafu ya wafalme wa zamani wa India, ni adimu mno, na yake ya namna hiyo iliibwa mwezi wa tatu. Simwiti mwongo. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Akapiga simu polisi, na Onesphory akakamatwa palepale dukani.

Juzi, hapa kituoni, mtaalamu wa vitu vya kale alisema sarafu iliyolala ardhini miaka mingi huwa na weusi na udongo wake. Hii haina, ni kama imetoka kabatini. Nikamwambia ni mimi niliyeisafisha. Akasema, "Sasa nitajuaje, mama?"

Afande ameniuliza kama niliiona ikitoka ardhini. Sikuiona. Niliiona ndani ya ndoo. Natamani niseme niliiona, lakini uongo sitausema. Shimo lilimaliziwa na mchimbaji mwingine, tumeshalifunika na linatumika. Udongo wake majirani waliuchukua kukandikia kuta.

Onesphory alitaka kuipeleka ilivyo. Mimi ndiye niliyemponza, kwa mikono yangu hii, na inaniuma. Mkewe yuko njiani anakuja, na sijui nitamwambia nini.

Hayo ndiyo niyajuayo, nimeyasema kwa hiari yangu.

(Dole gumba la kulia) Kuruthumu binti Nassibu

Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Alikuja na kopo la udongo aliobandua ukutani kwa jirani yake Candida, akaomba uwekwe pamoja na sarafu. Haukupokelewa. Ameondoka nao.
Koplo Melkiori