Mizani ya Pojo na Kilo za Mama

Jumatatu, 12 Januari

Naanza leo, na naahidi kuandika kila kitu. Hata cha aibu. Hata cha nyumbani.

Nimerudi shule nikamkuta Mama juu ya mizani tena. Asubuhi alipanda kabla ya chai, akapanda baada ya chai. Sasa alikuwa amevua ndala na kufunga leso nyepesi, eti ile nyingine ina uzito. Mshale ulikuwa umepanda kidogo kuliko asubuhi. Akashuka bila kunisalimia.

Mizani yenyewe ni ya duka. Kubwa, ya chuma, ya kusimamisha magunia, ina uso kama saa ya ukutani. Baba hununua pojo kwa wakulima na kuwauzia wenye malori hapa Voi. Yeye huziita ndengu kwa sababu kwao ni Ukambani. Mama ni Mtaita wa Mbololo, kwa hivyo nyumbani kwetu zina majina mawili.

Desemba Mama aliambiwa ana presha. Sista wa zahanati alimpa dawa, akamwambia apunguze uzito polepole. Polepole. Nilikuwepo, nilisikia.

Alhamisi, 15 Januari

Mshale umeshuka. Mama ameimba akipika. Chapati za nazi.

Jioni mshale umepanda. Mama hakula. Amelia chooni akidhani simsikii.

Nachukia hiyo mizani.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeenda zahanati peke yangu kumuuliza Sista. Niliona aibu lakini nilienda. Aliniambia mwili hubeba maji na chakula na chumvi, kwa hivyo hupanda na kushuka kila siku bila mtu kunenepa wala kukonda. Anayejipima kila saa anajitisha bure. Mara moja kwa wiki inatosha. Siku ile ile, asubuhi, kabla ya kula, nguo zile zile, mizani ile ile.

Nimemweleza Mama. Alisema, "Kitu kiko mlangoni kwangu, nisubiri wiki nzima kama msafiri?"

Nilimwambia amekuwa akilia. Akakubali. Jumatatu tu.

Nina furaha sana. Mara ya kwanza nimefaa kitu nyumbani.

Jumatatu, 19 Januari

Kipimo cha kwanza. Mimi ndiye ninayesoma mshale, Mama anaangalia ukuta.

Baba ametayarisha mizani kwa msimu, pojo zimeanza kukauka mashambani. Amerudisha mshale nyuma kilo moja. Hiyo inaitwa kutoa gunia. Mkulima analipwa pojo, gunia halilipwi, na badala ya kutoa kilo kila mara mizani inaitoa yenyewe. Kila mtu anajua. Hata Mama anajua. Tumekubaliana haidhuru, kilo moja ni ile ile kila wiki. Tunachotaka ni tofauti.

Jumatatu, 26 Januari

Kilo moja imeondoka!

Nilisoma mara mbili. Mama alishuka akanikumbatia, ana jasho la shingo na harufu ya moshi. Kwa wiki nzima ametembea hadi sokoni na kurudi, ameacha sukari. Imelipa.

Jumamosi, 31 Januari

Siku ya kununua. Foleni hadi nje, magunia mengine yametoka Makwasinyi. Mjomba Mwadime, kaka yake Mama, ameleta yake kutoka Mbololo. Baba alipopima, Mjomba alikunja uso. Alisema alipoyapima kwa jirani yake magunia yalikuwa mazito kuliko hivi.

Kisha akamtazama Mama, akacheka. "Dada, hii mizani yenu inakondesha watu na pojo pamoja."

Watu wote walicheka. Mama akamjibu, "Wewe ulipima kwa jicho la njaa. Pita ndani unywe chai."

Baba alicheka pia. Nilimwangalia kwa sababu huwa hacheki siku za kununua.

Jumatatu, 2 Februari

Kilo mbili. Kwa wiki moja!

Nimeshtuka. Sista alisema polepole. Lakini mshale nimeusoma mimi mwenyewe, sikukosea. Mama amepiga magoti pale pale dukani kushukuru. Baba amepita na kamba ya kushonea magunia, akasema, "Mama Wakesho, umekuwa kama siku niliyokuoa."

Mama amecheka kama msichana wa darasa letu.

Alhamisi, 5 Februari

Pakiti ya dawa za presha iko juu ya kabati na haijapungua. Nimemuuliza Mama. Amesema amezipumzisha. Zilikuwa zinamkausha mdomo, na mtu aliyekonda dawa za nini.

Nilimwambia amuulize Sista kwanza. Alisema atamuuliza akienda mwisho wa mwezi, na Sista mwenyewe atashangaa.

Sikupenda. Lakini niliiacha pakiti pale pale. Kilo zilikuwa upande wake.

Jumatatu, 9 Februari

Mbili tena. Jumla tano.

Mama amempigia simu Mjomba kumwambia. Amewapigia watu wa kwaya. Ametoa gauni lake la zamani la bluu. Halikufunga mgongoni. Alisema kitambaa kimeruka kwa kufuliwa.

Naandika hili kwa sababu niliahidi kila kitu: nililiona gauni halifungi, na nikakubali ni kitambaa.

Jumanne, 10 Februari

Nimeitwa kutoka darasani. Mama ameanguka dukani. Damu puani. Hawezi kusema vizuri.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 11 Februari

Yuko hai. Anasema vizuri leo. Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati.

Presha ilikuwa juu sana. Sista aliuliza kuhusu dawa, Mama akageuza uso ukutani, nikajibu mimi. Sista hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema damu ya puani ni onyo, na wengine hawapati onyo.

Mama alijitetea kwa sauti ndogo. "Lakini Sista, nimepungua kilo tano."

Wakampandisha kwenye mizani ya zahanati. Sista akafungua kadi ya Desemba, akatazama mshale, akatazama kadi.

Nusu kilo.

Tangu Desemba mpaka leo, nusu kilo tu.

Mama alisema mizani yao imeharibika. Sista akapanda yeye mwenyewe, kisha akaweka jiwe la chuma la kupimia. Ikasoma sawasawa. Mama akaniangalia mimi. Macho yake yaliniuliza kama nilikuwa nikimdanganya kila Jumatatu.

Sikumdanganya. Nilisoma nilichokiona. 

Alhamisi, 12 Februari

Nitaandika taratibu.

Nimetoka shule, Baba alikuwa ameenda kumletea Mama uji. Duka limefungwa. Nilichukua pakiti za unga wa mahindi kwenye rafu, zile za kilo mbili. Niliweka moja juu ya mizani.

Mshale haukutikisika.

Niliweka ya pili. Kilo nne juu ya chuma. Mshale umelala tu kwenye sufuri kama hakuna kitu.

Niliweka ya tatu. Hapo ndipo ulipojivuta, ukasimama kwenye nusu.

Nilitoa zote nikaziweka upya. Ikawa vile vile. Kilo sita za unga, mizani inasema nusu.

Nimeelewa. Pale kwenye sufuri kuna kijiti kidogo cha chuma, mshale ukifika hapo unazuiwa. Nyuma ya mizani kuna skrubu ya kusogeza mshale; ukiirudisha kilo moja, haionekani. Ukiirudisha tano, haionekani vilevile. Kilo ya gunia najua. Hizo nyingine si za gunia. Zimetolewa wiki baada ya wiki, magunia yalivyozidi kuja. Mama hakukonda. Mshale ndio uliokuwa unarudi nyuma.

Na mimi ndiye niliyemwambia apime mara moja kwa wiki. Angekuwa anapanda asubuhi na jioni kama zamani, angeona kilo mbili zimepotea kati ya chai na chakula cha mchana, na angejua hakuna mwili unaofanya hivyo. Sista alisema kweli. Mizani ile ile, alisema. Ilikuwa ile ile, na haikuwa ile ile.

Skrubu haijigeuzi. Mwenye duka ni Baba. Alimwona Mama amepiga magoti, akampita na kamba mkononi.

Sijala. Sisikii njaa. Nasikia baridi.

Ijumaa, 13 Februari

Mama amerudi. Anameza dawa zake, mdomo umekauka, halalamiki.

Nilitaka kunyamaza. Sista alisema asishtuliwe. Lakini Mama aliniita akaniuliza taratibu, "Wakesho mwanangu, ulikuwa unanisomea za uongo ili nifurahi?"

Hilo sikuweza kulibeba. Nilileta pakiti tatu za unga. Nilimshika mkono hadi kwenye mizani. Niliziweka juu yake moja moja.

Alitazama mshale. Nilidhani ataanguka tena. Hakuanguka. Alisema, "Kaka yangu aliniambia. Nikamwita mwenye njaa."

Hakusema lolote juu yake mwenyewe. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote.

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya kununua. Mama alitakiwa alale. Aliamka, akavaa leso ya kwenda kanisani, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani. Baba akamwambia arudi ndani, jua kali. Akakivuta kiti karibu zaidi.

Mjomba Mwadime alikuwa wa kwanza kwenye foleni, alikuja hasa kumjulia hali. Nyuma yake akina mama wawili na mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu na joto lote hili.

Baba alipoinua gunia la kwanza, Mama alisema, "Ngoja." Akaniashiria. Nikaweka unga. Pakiti moja, mbili, tatu.

"Someni," alisema Mama.

 Mzee wa kofia alisogea akainama hadi pua yake ikakaribia kioo.

Mama akasema, "Hii ndiyo iliyonikondesha."

Mjomba hakucheka. Baba alisema ni gunia. Kisha akasema ni vumbi, ndengu za mwaka huu zina vumbi. Kisha akasema zina unyevu, zikikauka ghalani anapoteza yeye. Kila alichosema kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Mwishowe akasema, "Mama Wakesho, sikujua umeacha dawa."

Mama akamjibu, "Ulijua nimepiga magoti."

Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa bisibisi. Ilikuwa mfukoni mwake. Haikuwa kwenye sanduku la vifaa, haikuwa kwenye droo. Alipiga goti nyuma ya mizani akageuza skrubu mbele ya watu wote, na mshale ukapanda juu ya unga, nusu, mbili, nne, ukasimama kwenye tano. Ile kilo ya gunia akaiacha. Mzee wa kofia akasema hiyo ni halali.

Mwanamke mmoja alibeba gunia lake akaondoka bila kuaga. Mwingine akabaki. Mama alimwambia Mjomba awaambie wa Mbololo waliouza msimu huu warudi, Baba atawafidia kilo zao. Baba alikuwa anasikia. Hakukataa.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani Baba alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Habari imefika kabla yetu.

Shuleni kesho watajua pia. Naogopa. Lakini naogopa kidogo kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 16 Februari

Siku ya kupima. Mama hakupanda.

Sista amesema atapimwa zahanati kila anapoenda kwa ajili ya presha, na hapa nyumbani atembee, apunguze chumvi, ameze dawa, aache mshale. Mama amesema afadhali. Ameuliza tu kama ile nusu kilo ni ya kweli. Nimemwambia ni ya kweli kabisa, imepimwa kwa jiwe. Akatabasamu kidogo. "Basi hiyo ni yangu," akasema, akaenda kutembea.

Baba ameamka kabla yetu. Ameweka maji ya dawa mezani, glasi imefunikwa na kisahani. Mama ameyanywa. Hawajaongea, lakini ameyanywa.

Sasa Baba yuko dukani, anafagia. Naiona mizani kutoka hapa nilipo. Amepachika bisibisi ukutani kwa msumari, mahali ambapo kila anayeingia anaweza kuiona.

Nina swali moja. Nimelirudia kichwani tangu Jumamosi na nitamuuliza kabla sijavaa viatu vya shule, na nataka anijibu hapo hapo, nikiwa bado nimesimama mbele yake.

Baba, siku ile ulipomwambia Mama amekuwa kama siku uliyomwoa, ulikuwa unamtazama yeye, au ulikuwa unatazama mshale?