Kumsomea Baba Barabarani

Kaka mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani, hata mama, na leo nataka nikuambie wewe kabla aibu haijanishinda. Lakini kwanza, shikamoo. Mgongo umepona? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu. Anashona mpaka macho yanamwuma, na ukimwambia apumzike anasema atapumzika akizeeka, kana kwamba bado.

Barua yako ilifika. Mama aliposikia tajiri wa marehemu baba amekupa lori uendeshe, alisimamisha cherehani. Mimi nilisoma mpaka pale uliposema, kwa utani wako, kwamba sasa ni zamu yako kusomewa na Maktaba, jina mlilonibandika kwa kupenda vitabu, na kwamba utapiga simu Alhamisi nikitoka shule, saa ile usingizi unapokuzidi. Ndiyo maana naandika.

Unajua darasani nikiambiwa nisome kwa sauti natetemeka, mpaka wenzangu wanasema nasoma kama niko juu ya pikipiki. Kwa baba nilisoma vizuri. Alikuwa akinipigia, anaweka simu juu ya dashibodi, namsomea riwaya, naye kila mwisho wa aya anaitikia "enhe". Akichelewa kuitikia, nilitakiwa nipige kelele. Niliionea fahari kazi hiyo. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima ahitaji mtoto wa kumzuia asilale.

Kitabu chake cha saa za kazi nilikiona mara moja tu. Safari haikuwa imeanza, lakini wiki nzima ilikuwa imeshajazwa: hapa ameendesha, hapa amelala. Nilipomwuliza alicheka, akasema sheria inataka dereva alale, na kitabuni yeye analala kuliko mfalme. Kisha akaacha kucheka, akasema yupo mwenzao aliyeandika ukweli, na siku hizi anaosha malori ya wenzake.

Siku ya ajali aliniambia hajalaza kichwa tangu juzi. Nikaanza kusoma. Kaka, riwaya ilikuwa imefika patamu. Zile "enhe" zilianza kupungua, nami nilisikia zinapungua. Nikajiambia nimalizie ukurasa huu kwanza. Nikaumaliza, nikafunua mwingine. Nilikuwa bado nasoma simu ilipokatika.

Mliponiuliza, nilisema baba hakupiga siku ile. Mkaguzi wa ajali naye alifungua kile kitabu cha saa, akakuta baba amelala usiku kucha, akaandika kwamba dereva alikuwa amepumzika vya kutosha na kosa ni uzembe wake mwenyewe. Tajiri alikuja msibani, akalia kutushinda sisi wenye msiba, akaenda zake.

Jumatatu, baada ya kuisoma barua yako, nilikwenda ofisini kwa mkaguzi na sare yangu ya shule. Nilimweleza yote, sauti ikitetemeka. Alinisikiliza kwa upole, akaniita mwanangu, akasema faili limeshafungwa. Akasema madereva wote huandika hivyo, na akiwafuata wote maduka yatabaki matupu. Akanishauri nikazane na masomo. Kalamu yake haikutoka mfukoni.

Nilirudi nikamwomba mama akukataze kazi hiyo. Sikumwambia sababu. Alisema wewe ndiye unayetulisha sasa, akaendelea kushona.

Kwa hiyo nakuomba mwenyewe: ukichoka, egesha, ulale kwelikweli, na uandike ulivyolala. Najua tajiri atakupigia kukuuliza mzigo uko wapi. Najua hutaegesha. Na mimi nimewaza kuizima simu, lakini ukipiga usinipate utaendesha vilevile, ila peke yako. Ukinichukia kwa niliyokuambia, nichukie, lakini piga.

Nisalimie wenzako wa gereji, hasa yule fundi anayekohoa. Mama anasema uvae sweta.

Leo nimerudisha riwaya zote maktaba. Mkutubi aliniuliza nataka nini, nikamwambia kitu kisicho na hadithi. Amenipa kitabu cha maswali ya hesabu za kichwa. Nitakuwa nauliza, wewe unajibu. Nimeyapitia ya kurasa za mwanzo, nikaacha yaliyo mepesi sana, kisha nikaichomeka simu kwenye chaji.

Mdogo wako,
Maktaba