Kodi ya Khalfan, Jina Langu

Jumapili, 5 Januari
Ibra. Vipindi vinne, kisha benki na karatasi za mshahara. Naomba mkopo. Nyumba ya marehemu mama, kule Manah: thuluthi yangu, thuluthi mbili za kaka Khalfan. Anataka kumuuzia mtu wa Nizwa aifanye hoteli ya watalii. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi ninunue sehemu yake. "Nenda benki," kasema. "Wakikupa, mimi sina neno." Alikuwa akicheka. Simpendi akicheka.

Jumanne, 7 Januari
Wamekataa. Miaka ishirini na mbili nafundisha, sijachelewesha hata bili ya umeme. Karani kanigeuzia skrini. Kwenye ripoti yangu ya madeni kuna zuio la serikali: deni la kodi ya kampuni ya samaki kule Ashkhara. Nikakumbuka. Khalfan alitaka mshirika wa jina tu. Nilitia saini jikoni kwa mama, mikono ina unga. Kampuni ilikufa miaka kumi na moja nyuma. Aliniambia kila kitu kimelipwa.
Karani ananitazama kama mwizi.
Nimempigia Khalfan mara sita. Hapokei.

Alhamisi, 9 Januari
Kapokea. "Makosa ya kompyuta hayo, Zuwena. Usijitie presha." Mwongo. Hata hakuuliza kodi gani.

Jumapili, 12 Januari
Nimeomba ruhusa skuli, nikaendesha mpaka Sur. Idara ya kodi. Ofisa ni mama wa makamo, kanizidi umri, wazee wake wa Pemba. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," na Kiarabu kikaisha hapo hapo, tukaingia Kiswahili. Kafungua faili.
Kodi moja, washirika wawili. Miaka tisa iliyopita Khalfan alilipa nusu, akaandika barua jina lake liondolewe. Likaondolewa. Chini ya barua, kwa mkono wake: nusu iliyobaki adaiwe dada yangu, nimeshamjulisha.
Hakunijulisha. Notisi zote zilipelekwa Ashkhara, kwenye ofisi iliyofungwa.
"Umejua leo?" Leo. Kanitolea nakala yenye muhuri. Nimelia garini. Hasira, si huzuni.

Jumatatu, 13 Januari
Namchukia. Naandika hapa nisije nikapiga kelele darasani. Miaka tisa anakula Idi kwangu, anajua. Alinituma benki, anajua.

Jumatano, 15 Januari
Sinaw, kwa sonara. Nimeuza bangili zangu za harusi. Kazipima mara mbili kama vile nitamwibia. Nimelipa nusu ile yote. Deni si langu, lakini jina ni langu.

Ijumaa, 17 Januari
Nizwa, nyumbani kwa Khalfan. Mkewe, Rahma, kaweka kahawa na haluwa. Sikugusa. Nimeweka nakala ya barua mezani. Rahma kaisoma kwanza. Kaisoma tena.
Khalfan kasema, "Nilikuwa na watoto wadogo. Wewe huna mtoto. Mkopo wa nini?"
Hayo ndiyo maneno yake. Nayaandika kama yalivyo.
Nikamwambia, "Nusu niliyolipa inakatwa kwenye bei ya nyumba. Ukikataa, barua hii inakwenda mahakamani."
Kageuka kumtazama mkewe. Rahma kasema, "Itakatwa." Kaondoa vikombe kabla hatujanywa.

Jumanne, 21 Januari
Zuio bado lipo. Nimepiga simu Sur. Barua ya kuliondoa imetoka, benki hawajaiona. Benki wanasema subiri. Nimesubiri miaka tisa bila kujua, sasa nasubiri nikijua. Hii mbaya zaidi.

Jumapili, 26 Januari
Limeondoka. Mkopo umepita. Karani yule yule kanipongeza. Nimekusanya karatasi zangu, nikatoka.

Alhamisi, 30 Januari
Kwa mthibitishaji wa hati, Manah. Khalfan katia saini bila kusoma. Mtu wa Nizwa alimpigia simu mara mbili tukiwa pale, hakupokea. Mwisho kaninyooshea mkono, una ufunguo ndani. Nimechukua ufunguo.

Jumamosi, 1 Februari
Manah. Nimefungua madirisha yote, nimefagia. Maji ya falaji yamepita mferejini nyuma ya nyumba asubuhi, mitende imekunywa. Jirani, Bi Moza, kaleta mkate wa kumimina bado una moto. Hajui kitu. Kauliza, "Kaka yako hajambo?"
Sina ndugu mwengine.
Nikasema hajambo. Nikamkatia mkate.